Kisu Kinachoikwepa Nyama

Moyo wa ng'ombe ukifika bucha la Magomeni huwa umeshachanjwa. Mkaguzi wa nyama huko machinjioni ameupasua kutafuta vifuko vya tegu, minyoo ambayo viluwiluwi vyake hupenda kujificha katika misuli isiyopumzika, na alipoona pasafi, nyama ikagongwa muhuri na kupakiwa garini. Muuza nyama anaupokea ukiwa na mpasuko tayari. Mwenye haraka huuendeleza mpasuko huohuo, akakatakata, akarusha vipande kwenye mizani pamoja na maini, na hakuna mteja atakayelalamika.

Mzee ninayependa kumtazama hafanyi hivyo. Bucha lake liko upande wa Mapipa, ndani kidogo kutoka Barabara ya Morogoro, na si kila siku utakuta moyo hapo, kwa sababu wenye supu huwahi kuuchukua alfajiri. Akibakiwa na mmoja huugeuza juu ya gogo, akaupapasa kwa kidole gumba mpaka apate upande wake wa mbele, akauacha mpasuko wa mkaguzi kama ulivyo, akaanza wake. Nilimuuliza mbona anajipa kazi mara mbili. "Pale pamekatwa kwa kutafuta, mwanangu," alinijibu bila kuinua macho. "Kufungua ni kazi nyingine."

Ng'ambo ya bonde la Jangwani wapo watu wa kazi hiyo nyingine. Ukipanda mwendokasi Mapipa, ukavuka Mto Msimbazi na kushuka Faya, unashika njia ya Upanga mpaka Muhimbili, na humo ndani ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Siku kavu ni mwendo mfupi. Mvua kubwa zikijaza Jangwani, barabara hufungwa na mgonjwa wa Magomeni huzungushwa mbali kufika mahali ambako jana angefika kabla chai haijapoa. Sisemi kwamba mzee wa bucha na daktari mpasuaji ni kitu kimoja. Mmoja hushika moyo uliokwisha kufa, mwingine hushika moyo wa mtoto wa mtu. Lakini anayetaka kuelewa ugumu wa kazi ya huyo wa pili atafaidika akisimama kwanza kwenye gogo la huyo wa kwanza. Matabaka ni yaleyale, kwa mpangilio uleule, na kila tabaka lina sharti lake kwa kisu.

Cha kwanza kukutana na kisu ni mfuko. Kwa ng'ombe, sehemu kubwa ya mfuko huo imeshabanduliwa machinjioni pamoja na mapafu, ila mabaki yake huning'inia juu, kwenye mashina ya mishipa mikubwa: utando mweupe, mgumu, usiotafunika. Mzee huyakata akawatupia paka. Kwa binadamu, mfuko umeshikamana chini na kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na juu umeungana na mishipa mikubwa, kwa hiyo moyo haubembei ovyo mtu akiinama kuchota maji au akikimbilia daladala. Upande wa nje ni nyuzi za kolajeni zisizovutika kirahisi. Upande wa ndani ni utando laini unaotoa majimaji kidogo, mililita 15 hadi 50, yaani kijiko kimoja cha mezani mpaka vitatu hivi. Kwa uchache huo wa majimaji moyo huteleza ndani ya mfuko wake kiasi cha mara laki moja kwa siku bila kuchubuka.

Kutovutika kwa mfuko ni faida mpaka kitu kiingie ndani yake. Kifua kikuu, ugonjwa unaojua njia zake zote katika nyumba za kupanga chumba kimoja kimoja, huweza kuingia humo na kujaza maji. Yakijaa upesi, mfuko haupanuki, moyo unabanwa na hauwezi tena kupokea damu. Hapo daktari hupitisha sindano chini ya kidari, akiongozwa na eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, akayafyonza. Lakini ugonjwa ukikaa muda mrefu, mfuko hunenepa, hugandana na moyo, na kwa wengine huwa mgumu wa chokaa. Upasuaji wa kuubandua mfuko wa namna hiyo ndio ninaousikia kwa heshima kuliko yote. Hakuna cha kushona wala kiungo kipya cha kuweka. Ni kutenganisha gamba na nyama hai inayodunda, kwa saa nyingi. Tena kuna utaratibu: kwa kawaida mpasuaji huanza kukiweka huru chumba cha chini cha kushoto kabla ya cha kulia, kwa sababu akianza na cha kulia, damu itasukumwa kwa wingi kwenye mapafu kabla upande wa kushoto haujawa tayari kuipokea.

Na wale paka wa Mapipa, laiti wangejua wanachotafuna. Mfuko wa moyo wa ng'ombe, ukiisha kusafishwa na kukaushwa ukali wake kwa dawa iitwayo glutaraldehaidi, mwili wa binadamu huupokea kwa utulivu. Hukatwa viraka vya kuzibia matundu kwenye kuta za moyo. Hushonwa pia kuwa valvu kamili, yaani mlango wa moyo. Mwaka 1971 daktari Marian Ionescu, mzaliwa wa Romania aliyekuwa akifanya kazi Leeds, Uingereza, alianza kuweka kwa wagonjwa valvu zilizotengenezwa kwa mfuko huo, na mpaka leo viwanda vya vifaa vya tiba vinanunua kwa uangalifu mkubwa kile ambacho bucha zetu haziwezi kukiuza.

Chini ya mfuko, moyo umevaa utando mwingine mwembamba ulioshikana nao kabisa, na chini ya utando huo kuna shahamu. Shahamu ya moyo haikutapakaa ovyo. Imejaa kwenye mifereji: mmoja unauzunguka moyo pale vyumba vya juu vinapokutana na vya chini, mwingine unashuka mbele kwa mshazari kuelekea ncha. Mnunuzi wa kawaida huona mafuta ya kukaangia. Mzee huisoma. Mfereji unaoshuka mbele unamwambia ukuta unaotenga kulia na kushoto uko wapi, na hapohapo anajua kisu kiende upande gani ili asiharibu ukuta huo, ambao kwake ndio nyama nzuri kuliko yote: haina mishipa mingi wala kano, inakatika vipande sawasawa vya mishkaki.

Daktari naye husoma shahamu hiyohiyo, maana ndani yake ndimo inamopita mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Moyo unasukuma damu ya mwili mzima, lakini hauinywi hiyo inayopita ndani ya vyumba vyake. Hulishwa kutoka nje, na matawi ya mshipa mkuu yanayotambaa juu yake na kuzama ndani ya nyama. Kwa sababu chakula kinatoka nje kwenda ndani, nyama ya ndani kabisa ndiyo ya mwisho kupata na ya kwanza kuumia mshipa unapoziba. Mshipa wa mbele, ule wa mfereji wa mshazari, una upana wa milimita chache tu, na huko mbele hupungua zaidi. Mpasuaji anayetengeneza njia mpya ya kupita pembeni ya pale palipoziba huchukua mshipa wa mguuni au wa ukutani mwa kifua, akauunganisha hapo kwa uzi wenye wembamba wa unywele, akiwa amevaa miwani ya kukuza. Kila pito la sindano lina mahali pake. Likizidi kina linashika ukuta wa upande wa pili, na njia mpya inaziba kabla haijatumika.

Sasa nyama yenyewe. Mzee akiufungua moyo anaanzia kulia, kwenye ukuta mwembamba, akifuata njia ambayo damu ingepita: kutoka chumba cha juu, kupitia mlango, mpaka chumba cha chini, halafu juu tena kwenye mshipa wa mapafu. Anakung'uta damu iliyoganda, anausuuza, ndipo anahamia kushoto. Ukiweka kuta hizo mbili pamoja unaelewa bila kufundishwa. Kwa mtu mzima mwenye afya, ukuta wa chumba cha chini cha kulia una unene wa milimita 3 hadi 5. Wa kushoto, milimita 6 hadi 10. Wa kulia unapeleka damu kwenye mapafu, jirani hapo tu. Wa kushoto unaipeleka utosini na unyayoni. Presha ikipanda na kukaa juu miaka mingi, ukuta wa kushoto hunenepa kwa kazi, kama mkono wa mchapakazi yeyote, ila huku kunenepa hakumsaidii mwenye moyo: chumba kinapungua nafasi, ukuta unakuwa mgumu kulegea, na damu inarudi nyuma kujaa kwenye mapafu.

Unene ni jambo la kupima tu. Kinachonishangaza mimi ni mwelekeo wa nyuzi. Chukua moyo uliochemka vizuri kwenye supu, kabla haujakatwa, ubandue kwa vidole bila kisu. Hautoki mabonge, unatoka kwa tabaka, na kila tabaka lina mshazari wake. Nyuzi za nje zinashuka zikielekea upande mmoja, za katikati zinauzunguka moyo kwa mlalo, za ndani zinashuka zikielekea upande wa pili. Daktari Mhispania, Francisco Torrent-Guasp, aliyefariki mwaka 2005, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akichemsha mioyo ya wanyama na kuibandua hivyohivyo kwa mikono, mpaka akadai kwamba moyo mzima ni ukanda mmoja wa misuli uliojikunja. Wanaanatomia wengi hawakukubaliana naye kuhusu ukanda mmoja. Wanasema nyuzi zimeshikana kwa matawi kila mahali, huwezi kuonyesha ukanda unapoanzia wala unapoishia. Nadhani wana haki. Hata hivyo mshazari ni wa kweli, na kazi yake inaonekana: moyo unapodunda haubanwi tu, unasokoteka, ncha ikizunguka huku na shina likizunguka kule, na damu inatoka kwa kukamuliwa.

Seli za nyama hiyo nazo zina tabia ya pekee. Zina matawi, na kila moja imeungana na wenzake kwa viungo vinavyopitisha umeme, ndiyo maana moyo wote hukaza kwa pamoja kama vile ni seli moja. Karibu theluthi ya ujazo wa kila seli ni mitokondria, viwanda vyake vya nguvu. Na hazirudi kirahisi. Mwaka 2009 watafiti waliofanya kazi Sweden walipima umri wa seli za moyo kwa kutumia kaboni iliyosambaa angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, wakakuta kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 ya seli hizo kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 chini ya nusu ya hapo. Sehemu kubwa ya nyama uliyozaliwa nayo ndiyo utakayozikwa nayo. Palipokatwa au palipokufa panajazwa na kovu, na kovu halidundi.

Kwa hiyo tunafika kwenye jambo ambalo lilinichukua muda kuliona: ufundi wa kuufungua moyo wa mtu ni ufundi wa kuikwepa nyama yake. Mpasuaji anayetaka kufikia mlango wa kushoto, ule ulio kati ya chumba cha juu na cha chini, hapasui chumba cha chini hata kama ndicho kilicho mbele yake. Anaingia kwa nyuma, kwenye ukuta mwembamba wa chumba cha juu, au anapitia chumba cha juu cha kulia na kupenya ukuta unaotenga vyumba hivyo viwili, akafanya kazi akitazama mlango kwa mbali ndani ya shimo. Ni njia ndefu, yenye giza, inayochosha shingo. Anaichagua kwa sababu nyama ya chini haina mbadala.

Ndani kuna tabaka la mwisho. Kwenye gogo unaliona linang'aa: utando wa ndani, ambao sehemu yake inayogusa damu ni safu moja tu ya seli. Damu inapita juu yake bila kuganda. Utando huohuo hujikunja na kupata kolajeni katikati, ukawa valvu, kwa hiyo milango ya moyo ni zao la tabaka jembamba kuliko yote. Mlango wa kushoto una vipande viwili, wa kulia vitatu, na kingo zao zimefungwa kwa kano nyembamba nyeupe zinazoshuka mpaka kwenye vinundu vya misuli ukutani. Kano hizo mzee huzikata kwa ncha ya kisu moja moja. Hazilainiki, hata supu ikitokota tangu saa kumi alfajiri. Mteja akikutana nazo kinywani atadhani ameuziwa mpira.

Upande wa kulia ipo kamba moja inayokatisha chumba, kutoka ukuta wa kati kwenda kwenye kinundu cha mbele. Ng'ombe anayo, na binadamu anayo. Leonardo da Vinci aliichora zaidi ya miaka 500 iliyopita, baada ya kupasua mioyo ya ng'ombe, mali ya mchinjaji kabisa. Alichokiona ni kamba. Kilichokuwa kinapita ndani yake kilijulikana baadaye sana: ni njia ya umeme. Mwanasayansi Jan Purkyně aliziona nyuzi zake chini ya utando wa ndani wa moyo wa kondoo mwaka 1839 bila kujua kazi yake, na mwaka 1906 Mjapani Sunao Tawara, akifanya kazi Marburg, Ujerumani, akaifuatilia njia yote toka kifundo kilicho katikati ya moyo mpaka mwisho wa matawi. Kwa hiyo utando unaong'aa si bitana tu. Nyaya zimepita chini yake.

Kitu kingine ambacho mzee huonyesha watoto wanaotumwa nyama ni mfupa. Ndiyo, moyo wa ng'ombe una mfupa, mdogo, uliojificha kwenye shina la mshipa mkuu, na kisu kikiugonga unasikika. Binadamu hana mfupa hapo. Ana pete za nyuzi ngumu, nne, moja kwa kila mlango, zilizoshikana pamoja. Pete hizo zinashikilia valvu, na zinatenga umeme wa vyumba vya juu usivuje kwenda chini isipokuwa katika njia moja tu. Mpasuaji anapoweka valvu mpya sindano yake inapita kwenye pete, kwa sababu nyama laini haishiki uzi. Lakini ile njia moja ya umeme inapita kandokando ya pete. Haionekani kwa macho. Anaijua kwa alama zinazoizunguka, na sindano ikipotoka milimita chache mgonjwa anaweza kuhitaji betri ya moyo maisha yake yote. Sijui ufundi mwingine ambao fundi anatakiwa kukwepa waya asiouona, mahali ambapo ukuta wenyewe utaanza kutikisika saa moja baadaye.

Lile tabaka la ndani lina historia yake Afrika Mashariki. Mwaka 1948, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Jack Davies alieleza ugonjwa ambao vitabu vya Ulaya havikuwa nao: utando wa ndani unageuka kovu nene jeupe, linalojaza ncha ya chumba na kuzikokota kano za valvu. Chanzo chake bado hakijathibitishwa. Tiba ya kupasua, kwa anayefika mapema, ni kulikwangua kovu hilo kutoka kwenye nyama hai, yaani kuondoa tabaka moja na kuliacha la pili salama. Utaona inafanana na ule upasuaji wa mfuko, ila huu unafanyika kwa ndani.

Wagonjwa wengi vijana hapa kwetu huletwa na njia nyingine. Mtoto anaumwa koo, bakteria wa streptokokasi, anapewa maji ya chumvi, anapona. Wiki chache baadaye viungo vinavimba na homa inapanda: kinga ya mwili, iliyojifunza kupiga bakteria, inampiga mwenyewe. Homa hiyo ya baridi yabisi haichagui tabaka. Inaweza kushambulia mfuko, nyama na utando kwa mpigo. Mfuko na nyama mara nyingi hutulia. Valvu hubaki na kovu, na kila shambulio jipya huongeza jingine, ndiyo sababu mtoto aliyewahi kuugua huchomwa penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka. Mlango wa kushoto, ambao kwa kawaida hufunguka sentimita za mraba 4 hadi 6, huweza kushikana mpaka ukabaki na 1.

Anayeligundua hilo kwanza siyo mpasuaji. Ni mpiga eko, kwenye chumba chenye mwanga hafifu, mgonjwa amelala ubavu wa kushoto na jeli baridi kifuani. Ufundi wake nao ni wa matabaka: mfuko huonekana mstari mweupe mkali, nyama kijivu chenye chembechembe, utando wa ndani ukingo mwembamba, na damu nyeusi. Kwa kuinamisha kifaa nyuzi chache tu kati ya mbavu mbili, mwenye uzoefu anaikata picha pale anapotaka. Asiye na uzoefu, akiinamisha vibaya, anaweza kuupima ukuta kwa mshazari na kumpa mtu unene asiokuwa nao.

Upasuaji wa kufungua kifua na kusimamisha moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo, aliyebahatika alipelekwa nje, mara nyingi India, na asiyebahatika alibaki na barua ya rufaa. Mwaka 2015 kitengo cha moyo cha hapo kikawa taasisi inayojitegemea, ile ya Jakaya Kikwete, Profesa Mohamed Janabi akiwa mkurugenzi wake wa kwanza. Miongoni mwa walioujenga upande wa watoto ni Dkt. Godwin Godfrey Sharau, aliyesomea upasuaji wa moyo wa watoto Israel kupitia shirika la Save a Child's Heart kisha akarudi. Moyo wa mtoto mchanga ni mdogo kuliko limau kubwa, na mfuko, shahamu, nyama na utando vyote vimo.

Mtiririko wa chumba cha upasuaji ni wa utaratibu ule ule nilioueleza, ila kila hatua ina mlinzi. Kidari kinakatwa katikati kwa msumeno. Mfuko unapasuliwa kwa urefu na chini kwa upana, kisha kingo zake zinashonwa pembeni ili moyo unyanyuke karibu na mikono. Damu inatiwa heparini isigande, mirija inaingizwa, na mashine inachukua kazi ya moyo na mapafu, ikisimamiwa na mtaalamu wake ambaye haondoi macho kwenye vipimo. Mshipa mkuu unabanwa, na maji baridi yenye potasiamu yanamiminwa kwenye mishipa ya moyo. Moyo unasimama. Tangu hapo saa inahesabiwa kwa sauti, kwa sababu nyama ambayo haipati damu, hata ikiwa baridi, ina subira yenye mpaka. Valvu ikishawekwa, hewa inatolewa yote vyumbani, kibano kinafunguliwa, damu ya joto inarudi. Mara nyingi moyo huanza wenyewe. Mara nyingine hutetemeka tu na kuhitaji mshtuko mdogo wa umeme.

Ugumu wa uamuzi huja kabla ya hapo, na tuseme msichana wa miaka 19 ndiye anayeuonja. Valvu ya chuma hudumu miaka mingi, lakini inadai wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku na kupima damu mara kwa mara, na dawa hiyo ni hatari kwa mimba. Valvu ya mfuko wa ng'ombe haidai hivyo. Ila kwa kijana huchakaa mapema kuliko kwa mzee. Akichagua kuzaa, anachagua pia kurudi mezani.

Na kurudi ndiko kunakopima fundi kuliko chochote. Mara ya pili hakuna matabaka ya kusoma. Mahali palipokuwa na vijiko viwili vya majimaji pana makovu. Mfuko umegandana na utando wa juu, utando umegandana na shahamu, na chumba cha chini cha kulia, chenye ule ukuta wa milimita 3 hadi 5, huenda kimenata nyuma ya kidari panapopita msumeno. Msumeno wa mara hii ni wa kutikisika, unaokata mfupa na kusita kwenye tishu laini. Baada ya hapo mpasuaji huanza chini, karibu na kiwambo, ambako makovu huwa yamelegea kidogo, akatafuta kwa ncha ya mkasi ule mstari mwembamba kati ya kilichokuwa mfuko na kilichokuwa moyo. Anaupata, anaupoteza, anaupata tena mbele kidogo. Mashine ya moyo imewekwa tayari pembeni, mirija ya pajani imeandaliwa endapo ukuta utachanika. Hajafika kwenye valvu bado. Jamaa walioketi nje, ambao mara ya kwanza waliambiwa wasubiri saa nne, safari hii wameambiwa wasihesabu.